Pirquet: Daktari wa watoto aliyeonyesha kuwa kinga ya mwili inaweza kumgeuka mwenyewe

Ukimsikia mtu akisema ana aleji ya samaki, ya vumbi au ya dawa fulani, neno hilo halikuanza jana. Lilibuniwa na daktari mmoja wa watoto mwaka 1906. Na kama mwanao amewahi kuchomwa kisindano kidogo kwenye ngozi ya mkono, kisha ukaambiwa umrudishe baada ya siku mbili au tatu ili waangalie kama ana maambukizi ya kifua kikuu, kipimo hicho nacho kina asili kwa daktari huyohuyo. Jina lake ni Clemens von Pirquet.

Wiki hii tunakuletea maisha yake kwa sababu yanajibu swali linalowasumbua wazazi wengi wenye watoto wanaougua figo. Inakuwaje mtoto aliyelala mzima, ambaye hakula sumu wala kuanguka, aamke asubuhi macho yamevimba, na mkojo wake utoke povu kama la sabuni? Na kwa nini daktari anampa dawa za kushusha kinga, wakati wewe umefundishwa siku zote kwamba kinga ni ya kuongezwa? Ukimfahamu Pirquet, majibu ya daktari wako yatakuingia vizuri zaidi.

Aliyetakiwa kuwa padri

Pirquet alizaliwa tarehe 12 Mei 1874 huko Hirschstetten, nje kidogo ya mji wa Vienna, Austria. Familia yao ilikuwa ya watu wa ukoo mkubwa, wenye ardhi na heshima. Ilitarajiwa kwamba angeingia katika utumishi wa kanisa, naye akaanza kusoma teolojia katika mji wa Innsbruck, kisha falsafa huko Leuven, Ubelgiji. Lakini moyo wake haukuwa huko. Akaacha, akageukia udaktari, na mwaka 1900 akahitimu katika chuo kikuu cha Graz.

Akachagua kutibu watoto, kazi ambayo wakati huo haikuwa na fahari kubwa miongoni mwa madaktari. Alifanya kazi Vienna chini ya Profesa Theodor Escherich, ambaye jina lake mpaka leo limebaki kwenye bakteria wa utumbo tunayemwita kwa kifupi E. koli. Hapo ndipo alipokutana na daktari kijana kutoka Hungaria, Béla Schick. Wawili hawa wakawa kama pacha kazini.

Dawa iliyookoa na kuumiza

Ili uelewe kazi yao, ni lazima ujue hofu ya wazazi wa siku zile. Dondakoo ulikuwa ukiua watoto kwa kuwaziba pumzi. Mwaka 1890, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba mnyama akizoeshwa sumu ya ugonjwa kidogo kidogo, damu yake hutengeneza kitu kinachoizima sumu hiyo. Farasi wakaanza kufugwa kwa kazi hiyo. Maji ya damu yao, yaani seramu, yakachomwa kwa watoto wagonjwa, na wengi wakapona. Kitu kile kilichokuwamo ndani ya seramu ndicho leo tunakiita kingamwili. Behring akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1901.

Lakini wodini kulikuwa na jambo la kushangaza. Mtoto amechomwa seramu, koo limefunguka, mama anafurahi. Zinapita siku nane, kumi, kumi na mbili, mara mtoto anapata homa. Ngozi inatoka vipele vinavyowasha, tezi zinavimba, viungo vinauma, uso unajaa maji. Wengine, mkojo ukipimwa, unakutwa na protini. Baada ya siku chache hali hiyo hupita yenyewe.

Madaktari wengi waliona ni bahati mbaya tu, au kwamba seramu ilikuwa chafu. Pirquet na Schick hawakuridhika. Wakaanza kuandika kwa makini, mtoto mmoja mmoja: amechomwa lini, ameumwa lini, amepata dalili gani. Wakagundua mambo mawili. La kwanza, zile siku nane hadi kumi na mbili hazikuwa za kubahatisha, kwani zilijirudia kwa mtoto baada ya mtoto. La pili, mtoto aliyewahi kuchomwa seramu zamani, akichomwa tena, hangoji siku zote hizo. Huumwa mapema zaidi, pengine siku ileile, na huumwa kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1903 Pirquet alikuwa na miaka 28 tu. Aliweka wazo lake katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akaikabidhi kwa Chuo cha Sayansi cha Vienna, ili ijulikane kwamba yeye ndiye aliyelipata. Wazo lenyewe lilikuwa hili: zile siku za kusubiri si muda wa sumu kufanya kazi, bali ni muda ambao mwili unatumia kutengeneza kingamwili dhidi ya seramu ya farasi. Kingamwili zikishakuwa tayari zinakutana na ule ugeni ambao bado unazunguka kwenye damu, na ni mapambano hayo ndiyo yanayomuumiza mtoto. Mara ya pili mwili unawahi kwa sababu unamkumbuka adui.

Mwaka 1905 yeye na Schick walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo wa seramu. Baadhi ya wakubwa wa sayansi hawakupendezwa. Kwao kinga ilikuwa mlinzi, na mlinzi hapigi mwenye nyumba. Pirquet aliona neno kinga pekee halitoshi tena. Mwaka 1906 akabuni neno la kueleza mwili uliobadilika namna ya kuitikia kitu baada ya kukutana nacho, liwe badiliko la kulinda au la kudhuru. Akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kitu kingine na jingine la kazi, likapatikana allergie. Sisi tunasema aleji, au mzio.

Kutoka kooni hadi kwenye figo

Hapa ndipo habari inapokugusa wewe mwenye mgonjwa wa figo. Wakati ule watoto wa Ulaya waliugua sana homa ya koo yenye vipele vyekundu mwilini. Mtoto hupona, anarudi kucheza, kisha baada ya wiki mbili au tatu anavimba uso, mkojo unapungua na kuwa mwekundu. Figo zimeugua wakati koo limeshapona.

Schick na Pirquet waliona kwamba kungoja huku kunafanana sana na kungoja kwa watoto wa seramu. Wakasema kwamba huenda figo hazikushambuliwa na vijidudu vyenyewe, bali ziliumizwa na mapambano ya mwili na masalia ya vijidudu hivyo. Hawakuwa na vipimo vya kulithibitisha. Uthibitisho ulikuja miaka mingi baada ya Pirquet kufariki. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, Frank Dixon na wenzake nchini Marekani waliwachoma sungura protini ngeni. Kingamwili zilipoanza kutoka, zilishikana na protini ile zikawa mabonge madogo sana kwenye damu, na mabonge hayo yakanasa kwenye vichujio vya figo. Sungura aliyechomwa mara moja aliugua akapona. Aliyechomwa kidogo kidogo kwa muda mrefu alipata ugonjwa sugu wa figo.

Fikiria chujio la chai. Ukilimwagia maji yenye makapi kila siku bila kulisafisha, mwisho linaziba na nyuzi zake zinachanika. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni moja. Kingamwili zinaponasa humo huita chembe nyeupe za damu, nazo huja na silaha zao za moto. Kichujio huvimba, hutoboka, damu na protini hupita kwenye mkojo. Yakiendelea kwa miaka, kichujio hugeuka kovu, na kovu halichuji.

Hapa kwetu jambo hili halijapitwa na wakati. Mtoto mwenye koo la usaha, au mwenye upele na vidonda vya ngozi vilivyoingia bakteria, anaweza kupata figo kuvimba kwa njia hiihii. Baada ya ugonjwa wa koo huchukua wiki 1 hadi 3, na baada ya vidonda vya ngozi huweza kufika wiki 3 hadi 6. Usidharau vidonda vya ngozi vya mtoto kwa kusema ni vya utotoni tu.

Mchubuko kwenye mkono

Turudi kwa Pirquet. Mwaka 1907 alichukua tuberkulini, maji yaliyotengenezwa na Robert Koch kutokana na vijidudu vya kifua kikuu, akatia tone kwenye ngozi ya mkono wa mtoto na kuikwaruza kidogo. Mtoto ambaye mwili wake umeshawahi kukutana na vijidudu hivyo, sehemu ile ilivimba na kuwa ngumu baada ya siku moja au mbili. Ambaye hajakutana navyo, hakutokea kitu. Mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaonyesha njia ya kuchoma kwa sindano ndani ya ngozi, na hiyo ndiyo inayotumika zaidi hospitalini leo.

Siku hizi tunajua kwamba uvimbe ule hauletwi na kingamwili, bali na seli za kinga ziitwazo seli T, zinazosafiri hadi pale kwenye ngozi. Ndiyo maana unachelewa. Basi Pirquet alikuwa ameshika mikono yote miwili ya kinga bila kuwa na majina yake: kingamwili katika ugonjwa wa seramu, na seli katika mchubuko wa ngozi.

Kisha akaona jambo jingine, akalitangaza mwaka 1908. Mtoto ambaye kipimo chake kilikuwa kinavimba vizuri, akipata surua, kipimo kinanyamaza. Surua ikiisha, baada ya muda kinavimba tena. Surua ilikuwa imeilaza kinga usingizi.

Habari hii ilikuja kupata maana kubwa kwa figo. Katikati ya karne iliyopita, madaktari wa watoto waliona kwamba mtoto aliyevimba mwili mzima kwa ugonjwa wa figo kuvujisha protini, akipata surua, wakati mwingine uvimbe uliisha na mkojo ukasafika. Mwaka 1974 daktari Robert Shalhoub alizikusanya dalili za namna hiyo na kusema kwamba huenda tatizo haliko kwenye figo yenyewe, bali kwa seli T zinazotoa kitu kinacholegeza vichujio. Kama surua inalaza seli hizo, ndiyo maana mtoto anapata nafuu.

Tafadhali msomaji, hili lisieleweke vibaya. Surua si dawa ya figo. Inaua watoto, na kwa mtoto mwenye ugonjwa huu ni hatari zaidi. Lilikuwa ni funzo la sayansi, na sasa tuna dawa zinazofanya kazi hiyo bila kumweka mtoto kaburini.

Utafiti uliendelea. Ilionekana kwamba dawa iitwayo rituksimabu, inayoondoa seli B ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, huwasaidia baadhi ya watoto ambao ugonjwa unawarudia mara kwa mara. Kwa hiyo seli T hazikuwa peke yao. Mwaka 2022 watafiti wakaeleza kwamba baadhi ya wagonjwa wana kingamwili zinazoishambulia nefrini, protini inayoshikilia nyuzi za kichujio. Mwaka 2024 utafiti mkubwa zaidi ulikuta kingamwili hizo kwa takriban watoto 9 kati ya 10 waliokuwa na ugonjwa wazi na ambao walikuwa hawajapewa dawa za kushusha kinga. Ugonjwa ukitulia, hupungua au kutoweka. Mlinzi anayempiga mwenye nyumba, yule ambaye baadhi ya wakubwa wa sayansi walikataa kumwamini, sasa anapimwa kwenye damu.

Daktari na njaa ya Vienna

Pirquet alipata sifa mapema. Mwaka 1909 alikwenda Marekani kuwa profesa wa magonjwa ya watoto katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore. Hakukaa sana. Alirudi Ulaya, akafundisha Breslau, na baada ya Escherich kufariki mwaka 1911 akaitwa Vienna kushika nafasi ya mwalimu wake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Vienna ilikuwa mji wa njaa. Wamarekani walipoleta msaada wa chakula kwa watoto, Pirquet alipewa jukumu la kuusimamia. Alitengeneza hesabu iliyopima kila chakula kwa kulinganisha na nguvu iliyomo katika gramu moja ya maziwa, ili wapishi na wauguzi wajue mtoto fulani anahitaji kiasi gani. Mamia ya maelfu ya watoto wa Austria walilishwa kupitia mpango huo.  Yeye alishaona kwa macho yake kwamba mtoto mwenye njaa hana kinga ya kupambana na kitu chochote.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1904 alimwoa Maria van Husen, ndoa ambayo familia yake haikuipenda. Hawakujaliwa watoto, na mkewe aliugua kwa miaka mingi. Tarehe 28 Februari 1929, yeye na mkewe walikutwa wamefariki nyumbani kwao Vienna. Walikuwa wamejitoa uhai. Alikuwa na miaka 54.

Hatulipiti jambo hili kimya, kwa sababu kumuuguza mtu kwa miaka kunachosha roho hata ya daktari mkubwa. Kama wewe unayeuguza, au wewe unayeumwa, umefika mahali unaona maisha hayana maana, mwambie mtu leo: ndugu, kiongozi wako wa dini, au muuguzi wa kliniki unayokwenda. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa, na unatibika.

Wewe mzazi ufanye nini?

Kwanza, mtoto akiamka amevimba macho siku mbili tatu mfululizo, au miguu na tumbo vimejaa, au mkojo una povu lisiloisha ama una rangi ya chai ya rangi, mpeleke akapimwe mkojo na shinikizo la damu. Usianze na dawa ya minyoo, wala usikubali maneno ya kurogwa. Kipimo cha kijiti kwenye mkojo huchukua dakika chache tu.

Pili, akipewa predinisoloni au dawa nyingine ya kushusha kinga, mpe kama ulivyoelekezwa, hata kama uvimbe umeisha. Uvimbe kuisha maana yake ni kwamba mapambano yametulia, si kwamba yamekwisha. Usikatishe ghafla, kwani mwili uliozoea dawa hiyo unaweza kuzidiwa, na ugonjwa unaweza kurudi. Uso kuwa wa duara na hamu ya kula kuongezeka husababishwa na dawa. Mweleze daktari, usiamue peke yako kuacha.

Tatu, kabla ya dawa hizo daktari anaweza kutaka kuhakikisha kwamba mtoto hana kifua kikuu, maana vijidudu vilivyolala vinaweza kuamka kinga ikishushwa. Hapo ndipo kipimo kilichotokana na kazi ya Pirquet kinapotumika. Mrudishe mtoto kasomwe mkono baada ya saa 48 hadi 72, vinginevyo kipimo ni bure. Na kumbuka alichokiona mwaka 1908: mtoto aliyetoka kuugua surua, mwenye utapiamlo, mwenye virusi vya UKIMWI au ambaye tayari yuko kwenye dawa hizi, mkono wake unaweza usivimbe ingawa vijidudu vipo. Kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu au anayetibiwa kifua kikuu, sema, hata kama hujaulizwa.

Nne, mtoto anayevujisha protini anavujisha na kingamwili zake pia, maana nazo ni protini. Kwa hiyo ana pande mbili za udhaifu: ugonjwa unampunguzia kinga, na dawa nayo inampunguzia. Akipata homa, au tumbo likimuuma sana, usisubiri kesho. Akikaa karibu na mwenye surua au tetekuwanga, wahi hospitali siku hiyohiyo kabla hajaugua. Kuhusu chanjo, muulize daktari, kwa kuwa baadhi hazitolewi mtoto akiwa kwenye dozi kubwa ya dawa. Lakini ndugu zake nyumbani wakamilishe chanjo zao zote, surua ikiwamo, wawe ukuta wake.

Tano, fanya alichofanya Pirquet: andika. Nunua daftari. Kila siku andika uzito wa mtoto kama una mizani, matokeo ya kijiti cha mkojo kama umepewa vijiti, dawa aliyomeza, na kama ana mafua au homa. Ugonjwa huu hupenda kurudi baada ya mafua, na povu hutangulia uvimbe. Mzazi mwenye daftari huuona ukirudi siku kadhaa kabla macho hayajavimba, na daktari wake hupata pa kuanzia.

Kuna watoto wengi ambao ugonjwa huu huwarudia mara kadhaa, kisha huwaachia wanapokua, na figo zao hubaki nzima. Wapo pia ambao figo huharibika taratibu, hasa wakichelewa kutibiwa au dawa zisipowafaa, na hao wanahitaji kliniki ya figo mapema. Huwezi kujua mwanao yuko kundi gani kwa kumtazama tu. Mpeleke, apimwe, na urudi kila siku uliyopangiwa.